Maji Yaliyogoma Kwenye Bakuli

Wanachuo waliopita kwenye maabara ile walimjua mhudumu wake kwa jina la Mama Visosi, na wengi waliondoka chuoni bila kujua kama ana jina jingine. Utani huo haukutoka mbali. Ukiingia maabara ya kemia asubuhi, kabla darasa halijaanza, utakuta vyombo vya kioo vimepangwa mezani mstari mmoja, na juu ya kila chombo kuna kisosi, vile visosi vya kawaida vya kuwekea kikombe cha chai. Vingine vina maua pembeni, vingine vimemeguka. Mwenyewe hakuwahi kuacha chombo wazi hata akiitwa nje mara moja tu.

"Chombo kisichofunikwa," alikuwa akiwaambia vijana, "ni kama mdomo wa wifi yangu. Kila kitu kinaingia, na kila kilichoingia kinatoka."

Aliianza kazi pale akiwa mfagizi, miaka ishirini na miwili nyuma. Wakati huo mhudumu wa maabara alikuwa mzee mmoja mwembamba, mpole, ambaye kifua chake na mvuke wa dawa havikupatana hata kidogo. Wanachuo walimwita Kikohozi, naye aliitika bila kinyongo. Mwezi wake wa kwanza tu Kikohozi alimkuta mfagizi amesimama na ufagio mkononi, anasoma maandishi ya kwenye chupa, midomo ikichezacheza. Akamwambia, "Weka huo ufagio, mwanangu. Njoo ushike mizani."

Basi akamfundisha. Akamfundisha kupima unga mpaka mshale utulie wenyewe, kuinama mpaka jicho liwe sawa na mstari wa maji, na kuosha vyombo kwa maji yaliyokenekwa tu, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji, yale ya pipa jeupe, si ya bomba. Na akamfundisha kufunika. Kikohozi alifunika kila kitu kwa ajili ya kifua chake. Mama Visosi akafunika kwa sababu Kikohozi alifunika. Mzee alipostaafu aliondoka na kikohozi chake, visosi vikabaki, na hakuna aliyeuliza tena ni vya nini.

Katika kazi zote za pale, moja ilikuwa ya moyo wake: maji ya kigeugeu. Ndivyo vijana walivyoyaita. Unachukua maji ya aina tatu, yote meupe kama ya kunywa, kila aina ina dawa yake ndani. Ukiyachanganya unatoka mvuke wa kahawia unaokwaruza koo, na hapo ndipo Kikohozi alipokuwa akikimbilia dirishani. Mvuke ukiisha, maji yanarudi kuwa meupe. Unadondoshea dawa nyekundu matone machache, yanakuwa mekundu. Unaweka chupa juu ya kikorogeo, kile kimashine cha umeme chenye sumaku kinachozungusha kijichuma ndani ya maji, na unakizungusha taratibu. Kisha unakaa. Ghafla, hakuna aliyegusa wala kuongeza kitu, maji yote yanageuka buluu. Hujamaliza kumgusa jirani yako umwonyeshe, yamesharudi mekundu. Halafu buluu. Halafu mekundu. Yanakwenda hivyo kwa saa nzima.

Mama Visosi aliyatengeneza kwenye chupa yenye shingo nyembamba, akiijaza mpaka karibu na shingo, na kisosi juu. Miaka yote hiyo hayajawahi kumwangusha.

Kisha akaja mkufunzi mpya.

Alikuwa kijana wa kuvaa tai hata siku za joto, mwenye sauti ya kufika ukuta wa nyuma, na kwa kweli alipenda wanafunzi wake. Tatizo lake na ile chupa lilikuwa la haki kabisa: waliokaa nyuma waliona shingo tu. Akaleta bakuli la kioo lenye mdomo mpana kama beseni la kunawia mikono.

"Mama, wewe nitayarishie tu," alimwambia. "Mimi nitayamimina humu mbele yao, na kisosi hapana. Tunawaonyesha au tunawaficha?"

"Sawa, mwalimu. Mimi ni wa kupima, wewe ni wa kusema."

Siku ya kwanza mkufunzi alimimina, akawasha kikorogeo mpaka mwisho ili hata wa nyuma waone maji yanavyozunguka, akaanza kueleza. Maji yalikuwa mekundu. Akaeleza zaidi. Mekundu. Akatazama saa yake, akaeleza yale aliyokwisha kuyaeleza, na maji yakabaki mekundu vilevile, yanazunguka kama hayajaambiwa yanafanya nini hapo.

"Mwalimu, hayo yamelala," akasema mmoja kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Wiki iliyofuata, hali ile ile. Mara ya tatu alikuwepo Mkuu wa chuo mwenyewe, mama mmoja mnyoofu, asiyependa kupotezewa muda, aliyekuja kuona kama jaribio hilo linafaa kuonyeshwa wageni. Alikaa dakika ishirini na tano mbele ya bakuli la maji mekundu, akasimama, akasema, "Asanteni," akaondoka. Ile asante iliwauma mkufunzi na Mama Visosi kuliko karipio.

Mkufunzi hakuwa mtu wa kusingizia. Alijua, kwa sababu imeandikwa vitabuni, kwamba maji yale yana adui mmoja mkubwa: chumvi. Ile kidogo tu iliyomo kwenye maji ya bomba, au kwenye jasho la vidole, inatosha kuyazima. Kwa hiyo akauliza alichopaswa kuuliza.

"Mama, vyombo uliviosha kwa maji ya pipa?"

"Ya pipa, mwalimu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Uhakika kabisa? Hukupitisha bombani hata kidogo?"

Jambo hili lina ubaya wake. Ukiulizwa mara ya kwanza, una uhakika. Ukiulizwa mara ya tatu, unaanza kuuona mkono wako mwenyewe unafungua bomba. Mama Visosi alilitazama bomba kabla ya kujibu, na mkufunzi akaliona hilo.

Barua ilikuja Jumatatu. Jaribio lingerudiwa Ijumaa saa nne mbele ya Mkuu. Likishindikana tena kwa sababu ya utayarishaji, mhudumu atahamishiwa dawati la mapokezi getini kuandikisha wageni, "kwa kuzingatia umri wake." Alikuwa na miaka hamsini na minne. Aliisoma barua amesimama, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni mwa koti jeupe, na siku nzima akawa anaigusa kuona kama bado ipo.

Nyumbani hakusema kitu mpaka mumewe alipomuuliza mara ya pili, ndipo akamsomea barua. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mashine yake ameiweka sebuleni karibu na dirisha, na hakuwahi kuzungumza bila pini mdomoni.

"Nadhani macho yananitupa," akasema Mama Visosi. "Au kichwa. Napima vilevile, naosha vilevile, na maji hayafanyi."

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja. Akachukua sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, ile ya hariri, na uzi mweusi. "Tia uzi."

"Acha utani, baba watoto."

"Tia uzi."

Akalamba ncha ya uzi, akainua sindano kwenye mwanga, akautia mara moja tu. Mumewe akachukua ile sindano, akautoa uzi, akajaribu mwenyewe. Mara ya nne akaiweka chini.

"Basi kama tatizo lingekuwa macho," akasema, "mimi ndiye ningepelekwa getini."

Mama Visosi alicheka, lakini hakulala kwa raha. Kama macho yangekuwa mabovu angejua la kufanya: angenunua miwani. Sasa macho ni mazima, mkono ni mzima, maji ni ya pipa, na bado hayafanyi. Hapo mtu anashika wapi?

Jumanne mkufunzi akataka wajaribu wawili tu, bila darasa. Mama Visosi akapima mbele yake kila kitu. Akaosha vyombo kwa maji ya pipa, akihakikisha anaonekana. Mkufunzi akamimina kwenye bakuli lake, akawasha kikorogeo. Kwenye chupa yalibaki maji kidogo, na Mama Visosi akafanya alichofanya siku zote na mabaki: akayatia kwenye kichupa kidogo mpaka shingoni, akakifunika, akakiweka kando ya sinki ili aje akimwage baadaye mahali pake.

Bakuli likabaki jekundu. Mkufunzi alisubiri nusu saa, akashusha pumzi, akachukua vitabu vyake, akaenda darasani.

Mama Visosi akageukia sinki kuosha. Kile kichupa kilikuwa cha buluu.

Akasimama. Kikawa chekundu. Akakaa juu ya kigoda bila kukiondolea macho. Kikawa cha buluu. Alihesabu mara tisa, mikono imelowa sabuni, maji yanamdondokea viatuni. Akatazama bakuli: jekundu. Akatazama kichupa: buluu. Maji ni yale yale. Yametoka chupa moja, yamepimwa na mkono mmoja, mbele ya shahidi. Haya kando ya sinki yanacheza, na yale ya mezani yamekufa.

Hakufurahi. Kosa mtu anaweza kuliomba radhi. Hili lilikuwa kitu gani?

Alikimbia mpaka darasani, akamwita mkufunzi mlangoni kwa kidole. Mkufunzi akaja, akakiona kichupa kikigeuka, akakunja uso.

"Hii dawa umetengeneza saa ngapi?"

"Sijatengeneza, mwalimu. Ni hiyo hiyo uliyoimimina. Ni mabaki."

"Haiwezekani, mama."

"Ndiyo nasema na mimi, haiwezekani. Lakini itazame."

Mkufunzi akataka kuitazama vizuri. Akaondoa kisosi, akamimina yale maji kwenye bakuli jingine safi, akalipandisha kwenye kikorogeo na kukizungusha mpaka mwisho, kama kawaida yake. Yaligeuka buluu mara moja tu, kwa uvivu, kisha yakawa mekundu, na mekundu yakabaki. Wakasubiri. Mwanafunzi mmoja aliyechungulia mlangoni akacheka, "Hayo yanamjua Mama Visosi. Akiyashika mwingine yanagoma."

"Maji hayana macho, wewe," Mama Visosi akamjibu, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Mkufunzi akamgusa begani. "Mama, usijisumbue kutengeneza nyingine ili unionyeshe. Naelewa. Hakuna anayekuchukia hapa." Akarudi darasani.

Hilo ndilo lililomuuma. Kuambiwa amezeeka angevumilia. Sasa alikuwa ameambiwa, kwa upole, kwamba ni mwongo, na maji yenyewe ndiyo yaliyomsaliti. Jioni alipomweleza mumewe, alieleza vibaya, mwisho ukatangulia mwanzo, bakuli likachanganyika na kichupa, mpaka fundi akasimamisha cherehani.

"Ngoja. Ngoja kwanza. Suti ikivuta upande, mimi huwa sifumui yote. Nikifumua yote, nitaishona tena na sitajua ni mshono gani uliokuwa unavuta. Nafumua mmoja, naivalisha, natazama. Haukuwa huo, naurudishia, nafumua mwingine." Akarudisha mguu kwenye cherehani. "Kati ya bakuli la mwalimu na kichupa chako kuna tofauti ngapi?"

Akahesabu kwa vidole. Chombo. Kisosi. Mwendo wa kukoroga.

"Mishono mitatu," akasema fundi. "Hiyo mbona kazi ya asubuhi moja tu."

Jumatano alifika chuoni mlinzi bado anafagia mbele ya kibanda chake. Alikuwa na daftari jipya la mistari. Akatengeneza mchanganyiko mmoja mkubwa, kisha akaugawa kwenye vyombo, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja.

Kwanza chombo. Alitia kwenye bakuli, akafunika kwa sahani kubwa, akakoroga taratibu. Yakageuka, ingawa kwa kuchelewa. Akaandika: *Si bakuli.* Kisha mwendo. Kwenye chupa iliyofunikwa, akazungusha kikorogeo mpaka mwisho, maji yakawa yanapiga shimo katikati. Yakageuka. Akaandika: *Si kukoroga.* Kisha kisosi. Chupa wazi, kukoroga taratibu. Yakageuka vilevile. Akaandika: *Si kisosi*, halafu akabaki ameshika kalamu. Mishono yote mitatu ameifumua, hakuna uliovuta. Sasa suti inavutwa na nini?

Akafuta *Si kisosi*. Akaandika tena. Akafuta tena. Mwishowe akafanya kama mkufunzi: bakuli wazi, kukoroga mpaka mwisho, vyote kwa pamoja. Maji yakafa mbele yake, mekundu, yanazunguka.

"Haya," akayaambia. "Nyinyi mnataka nini?"

Akapunguza mwendo. Akafunika kwa sahani. Hakuwa anategemea lolote, alifanya hivyo kwa sababu mikono yake haijui kuacha chombo wazi. Akaenda kuosha chupa. Baada ya kama dakika saba akageuka, na bakuli lilikuwa la buluu.

Yamefufuka. Hajaongeza hata tone. Kama yangekuwa na chumvi, chumvi ingekuwa bado imo humo, haina pa kwenda. Kwa hiyo kilichoyaua si kitu kilichokuwa kwenye chombo chake. Ni kitu kilichoingia kwa juu, mdomo ukiwa mpana na maji yakipigwa, na kikishazuiwa, maji yanakimaliza na kuendelea na shughuli zao.

Kitu gani? Vumbi? Akachukua kitambaa chepesi, akakitandika juu ya bakuli, akakifunga kwa kamba, akakoroga kwa nguvu. Vumbi lisingepita pale. Maji yakafa. Akatoa kitambaa, akarudisha sahani, akasubiri, yakaamka. Alitazama huku na huku kwenye maabara kama mtu anayemtafuta mwizi ambaye yumo ndani ya chumba. Dirisha. Meza. Feni imezimwa. Juu ya bakuli hapakuwa na kitu chochote.

Akaandika: *Hewa?* Akapiga mstari chini ya ile alama ya kuuliza, kwa sababu hewa ilikuwepo pia kwenye chupa yake, chini ya kisosi, miaka yote ishirini na miwili. Au haikuwepo?

Alhamisi alimngojea mkufunzi mlangoni, akampa daftari kabla hajaweka begi chini. Mkufunzi alianza kusoma amesimama, kwa ile subira ya mtu anayemsikiliza mgonjwa. Kwenye ukurasa wa pili akakaa. Kwenye wa tatu akalegeza tai.

"Kitambaa ulikiweka kwa sababu gani?"

"Niliona labda ni vumbi."

"Na halikuwa vumbi."

"Halikuwa. Ndipo nilipopotea, mwalimu."

Mkufunzi akaweka daftari mezani. Akachukua bakuli lake, akamimina mchanganyiko mpya, kisha akakata kipande cha nailoni nyepesi na kukilaza juu ya maji yenyewe, kikayagusa kama ngozi juu ya maziwa, pasibaki nafasi ya hewa kati yake na maji. Akakoroga taratibu. Mdomo mpana ule ule, bakuli lile lile lililomwaibisha mara nne. Maji yakageuka buluu. Yakarudi mekundu. Mkufunzi akaegemea meza kwa mikono miwili.

"Oksijeni," akasema.

"Hii hii ya kupumua?"

"Hii hii."

"Ile wanayompa mgonjwa akizidiwa?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona mgonjwa inamwamsha na maji inayalaza?"

Mkufunzi akajaribu. Alisema kwamba ndani ya maji yale, kazi hupokezanwa na vitu vidogo sana vyenye maisha mafupi, kimoja kinampa mwenzake habari, mwenzake anampa mwingine, mpaka zamu igeuke. Oksijeni ikiingia kwa wingi, inawadaka hao wajumbe njiani, na habari inafika imebadilishwa. Zamu haigeuki tena. Bakuli pana linalopigwa kwa nguvu ni kama nyumba iliyofunguliwa milango yote. Chupa yenye shingo nyembamba ni nyumba ya mlango mmoja.

"Lakini hata mlango mmoja ni mlango. Na hewa ilikuwa imo chini ya kisosi."

"Kwa muda mfupi. Umewahi kuona vipovu vidogo vinapanda?"

"Kila siku."

"Ni kabonidioksidi, hewa ile tunayoitoa tukipumua, maji yenyewe yanaitoa. Inajaa pale shingoni, inaisukuma oksijeni nje. Kisosi kinazuia nyingine isirudi."

Mama Visosi akafikiri. "Kwa hiyo Kikohozi alijua haya yote?"

"Nani?"

"Mzee aliyenifundisha kufunika." Akafikiri tena. "Hapana. Yeye alikuwa na kifua tu."

Mkufunzi akacheka mpaka akatoa leso, naye akacheka, ingawa hakuwa na hakika kama ameelewa hata nusu. Wajumbe, milango, habari inayobadilishwa njiani: akilishika hili, lile linaponyoka. Alichokishika vizuri ni kwamba kesho ni Ijumaa.

Ijumaa saa nne kamili Mkuu aliingia, akakaa kwenye kigoda kile kile cha siku ile, akaweka faili magotini. Bakuli lilikuwa mezani na nailoni yake. Mkufunzi akawasha kikorogeo taratibu, na kabla hajasema sentensi ya tatu maji yakageuka buluu. Mkuu akasogea mbele. Mekundu. Buluu. Uso wake ukalainika.

"Vizuri sana," akasema. "Mama, naona safari hii umekuwa mwangalifu na vyombo. Ile barua tutaiweka pembeni kwanza. Tuone utakavyoendelea."

Mama Visosi alikuwa amesimama karibu na sinki. Tuone utakavyoendelea. Maana yake barua haijafa, imelazwa tu. Kila jaribio litakaloharibika kuanzia leo, la mtu yeyote, atatazamwa yeye. Akamtazama mkufunzi. Mkufunzi alikuwa anatazama bakuli, mkono kwenye tai. Maji yakageuka mara moja, mara mbili, mara tatu, na bado kijana hajafungua mdomo.

"Mkuu," akasema Mama Visosi, "naomba ukae kidogo. Nataka kuyaua."

"Unataka nini?"

Hakungoja ruhusa. Akaondoa nailoni, akazungusha kitufe cha kikorogeo mpaka mwisho. Maji yakaanza kupiga shimo katikati. Yakageuka mara moja zaidi, kwa uzito, kisha yakakwama kwenye wekundu. Mkuu akatazama saa. Dakika tatu. Tano. Mekundu.

"Ndivyo yalivyokuwa siku ile uliyokuja," akasema Mama Visosi. "Ni maji yale yale uliyoyasifu sasa hivi. Sijatia kitu." Akarudisha nailoni, akailainisha kwa kidole juu ya maji, akapunguza mwendo. "Sasa tusubiri."

Wakasubiri. Juzi zilikuwa dakika saba. Dakika saba zikapita. Nane. Maji yalikuwa mekundu. Mama Visosi aliinama mpaka jicho likawa sawa na maji. Aliona dawati la getini, daftari la wageni, kalamu iliyofungwa kwa kamba. Labda ameyapiga kupita kiasi. Labda yamechoka. Labda alichokiona Jumatano hakukielewa, na kweli, ukimuuliza, hakukielewa.

Ndipo mkufunzi akakohoa.

"Mkuu, hata yasipoamka," akasema, na sauti yake safari hii haikufika hata meza ya pili, "maji yalikuwa safi tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyeyamimina wazi na kuyakoroga kupita kiasi. Mama alipima sawasawa mara zote. Aligundua yeye, ameandika kila kitu kwenye daftari, na nilipaswa kukwambia kabla hujakaa."

Mkuu akamtazama yeye, akamtazama mama, akalichukua daftari lililokuwa mezani. Alikuwa kwenye ukurasa wa kitambaa, kidole kinafuata mistari, bakuli lilipogeuka buluu. Likawa jekundu, likawa buluu tena.

"Ngojeni nielewe," akasema Mkuu polepole. "Kilichoharibu ni hewa."

"Oksijeni ya hewani, ndiyo."

"Ambayo iko kila mahali."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na mama amekuwa akiizuia kwa visosi kwa miaka ishirini na miwili, bila kujua."

"Bila kujua kabisa," akasema Mama Visosi.

Mkuu akabaki ameduwaa, mdomo wazi kidogo, kama mwanachuo wa mwaka wa kwanza. Kisha akafungua faili, akatoa nakala ya barua, akaandika juu yake kwa mshazari: *Imefutwa*, akatia sahihi na tarehe. "Mwalimu, uniandikie maelezo ya ukurasa mmoja. Kwa lugha nitakayoielewa."

"Nikiielewa mwenyewe, Mkuu, nitaandika."

Alipotoka, mkufunzi akajitupa juu ya kigoda. Mama Visosi akatoa barua yake mfukoni, akaitia kwenye pipa la taka, akarudi kusimama mbele ya bakuli. Kulikuwa na kitu kinamkereketa tangu jana, na sasa alikuwa na nafasi ya kukiuliza.

"Mwalimu, miaka yote nawasikia hapa, wewe na waliokutangulia, mnafundisha kwamba ile dawa ikiwa buluu ndiyo imeoksidishwa, kama chuma kilichoshika kutu. Ikiwa nyekundu, bado."

"Ndivyo ilivyo."

"Basi oksijeni ikiingia, si ndiyo kazi yake kuoksidisha? Yangekwama kwenye buluu. Mbona yanakwama kwenye nyekundu?"

Mkufunzi akalitazama bakuli. Akainuka, akachukua chaki, akaandika mistari miwili ubaoni, akaitazama, akaufuta wa pili kwa kiganja. Akaandika mwingine. Akaufuta nao.

"Hebu rudia swali," akasema.

Akalirudia, neno kwa neno. Mkufunzi akakuna kichwa kwa mkono wenye chaki, nywele zikaingia weupe.

"Wale wajumbe, nadhani... wakidakwa na oksijeni..." Akaishia hapo. "Sijui, mama. Kweli kabisa, sijui."

"Afadhali," akasema Mama Visosi. "Nilidhani ni mimi peke yangu." Akafunga vifungo vya koti lake jeupe, akavuta mizani karibu, akaanza kuifuta. "Nipime mengine?"

"Pima, mama."